Breki za ABS na Barabara Zetu: Somo kwa Madereva na Wote Wanaosafiri Nao

Gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Ngerengere hupita juu ya barabara za aina nyingi katika siku moja. Kutoka Chalinze hadi Ubena Zomozi lipo kwenye barabara kuu ya lami, ile ile inayopitisha mabasi na malori ya Iringa, Mbeya, Zambia na Kongo. Likichepuka kuelekea Ngerengere na vijiji vinavyoizunguka, mapema au baadaye lami hukoma. Hufuata changarawe, kisha njia za udongo, kisha mchanga wa mabondeni. Wanaokwenda Kinole, Matombo au Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, hukuta pia miteremko mikali ambayo masika huigeuza kuwa utelezi mtupu.

Dereva ni yule yule na breki ni zile zile. Kinachobadilika ni ardhi iliyo chini ya tairi, na ardhi hiyo ndiyo inayoamua gari litasimama baada ya mita ngapi.

Siku hizi magari mengi yanayotumika katika kazi za maendeleo, pamoja na magari madogo yaliyotumika Japani, huja na breki za ABS. Wapo wanaoamini kwamba gari lenye ABS husimama papo hapo mahali popote. Wapo pia wanaosema ABS ni hatari vijijini, na humwagiza fundi aing'oe. Katika somo hili tutaona kwamba pande zote mbili zimeshika nusu ya ukweli, na kwamba nusu ya ukweli barabarani inaweza kugharimu maisha ya mtu.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili tunatarajia msomaji aweze:
- kueleza kwa maneno yake ABS inafanya nini na haiwezi kufanya nini;
- kutambua namna lami, maji, changarawe na udongo vinavyobadilisha umbali wa kusimama;
- kuchukua hatua za kuzuia ajali, awe dereva, abiria au msimamizi wa magari.

ABS ni nini?

Dereva anapokanyaga breki ghafla kwa nguvu zote, gurudumu linaweza kujifunga, yaani likaacha kuzunguka huku gari likiendelea kwenda. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, tairi huanza kuburuzika, na juu ya lami tairi inayoburuzika hushika barabara kidogo kuliko ile inayozunguka polepole. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, usukani hupoteza kazi. Magurudumu ya mbele yakishajifunga, dereva anaweza kuukata usukani kulia au kushoto, lakini gari litaendelea kule kule lilikokuwa linakwenda.

ABS ni mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Karibu na gurudumu kuna kifaa kidogo kinachopima kasi ya kuzunguka kwake. Vifaa hivyo hupeleka habari kwenye kompyuta ndogo ya gari. Kompyuta ikiona gurudumu moja linapunguza kasi haraka mno, hufungua vali na kulegeza breki ya gurudumu hilo, kisha huikaza tena. Kulegeza na kukaza huko hurudiwa mara nyingi katika sekunde moja, hata kufikia mara 15. Hakuna mguu wa mwanadamu unaoweza kupampu breki kwa kasi hiyo. Ndiyo maana pedeli hutetemeka chini ya mguu na sauti ya mkwaruzo husikika. Huo si ubovu. Ni mfumo ukiwa kazini.

Wazo hili lilianza kwenye ndege kabla ya magari. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitengeneza kifaa kilichoitwa Maxaret ili tairi za ndege zisijifunge na kupasuka wakati wa kutua. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta ABS ya kielektroniki kwenye magari ya Mercedes-Benz, na tangu hapo ikaenea duniani kote.

Kinachosimamisha gari ni msuguano

Breki husimamisha gurudumu. Gari zima husimamishwa na msuguano kati ya tairi na ardhi. ABS haiwezi kuongeza msuguano ambao barabara haina. Inachoweza ni kutumia vizuri ule uliopo.

Ili kulielewa jambo hili, fanyeni majaribio mawili madogo katika kikundi chenu.

*Jaribio la kwanza.* Chukueni kiatu chenye soli ya mpira, wekeni tofali ndani yake, mkifunge kamba na kukivuta juu ya sakafu kavu ya saruji. Kisha lowesheni sakafu kwa maji yenye udongo mfinyanzi kidogo, mvute tena. Kila mmoja ataona tofauti kwa mkono wake mwenyewe.

*Jaribio la pili.* Sukumeni tofali juu ya mchanga mkavu uliolegea. Tazameni jinsi linavyokusanya mchanga mbele yake mpaka rundo lile linakuwa kizuizi. Sasa chukueni kopo la duara mlibingirishe juu ya mchanga huo huo. Kopo hupita juu bila kukusanya kitu. Likumbukeni jaribio hili tutakapofika kwenye changarawe.

Umbali wa kusimama

Hapa chini tumekadiria umbali ambao gari lenye tairi nzuri linahitaji ili lisimame kwenye barabara tambarare. Tumehesabu pia sekunde 1 ambayo dereva huitumia kuona hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Tumechukulia kwamba lami kavu inaweza kulizuia gari kwa nguvu sawa na sehemu 8 kati ya 10 za uzito wake, lami yenye maji sehemu 5, na udongo uliolowa sehemu 3.

Mwendo wa kilomita 50 kwa saa:
- lami kavu: mita 26
- lami yenye maji: mita 34
- udongo uliolowa: mita 47

Mwendo wa kilomita 80 kwa saa:
- lami kavu: mita 54
- lami yenye maji: mita 73
- udongo uliolowa: mita 106

Tafakarini namba ya mwisho. Mita 106 ni kama urefu wa uwanja mzima wa mpira. Mtoto akivuka njia nusu ya uwanja mbele ya gari hilo, hakuna breki ya aina yoyote itakayolisimamisha kabla ya kumfikia. Tofauti kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa haionekani kubwa kwa aliyeko ndani ya gari, lakini kwenye udongo uliolowa inaongeza umbali zaidi ya mara mbili.

Aina za barabara na namna ABS inavyofanya kazi

*Lami kavu.* Hapa ABS hufanya kazi vizuri. Gari husimama kwa umbali mfupi na dereva anaweza kukwepa huku amekanyaga breki.

*Lami yenye maji.* Hapa ndipo ABS inapoonyesha faida yake zaidi, kwa sababu tairi hujifunga kwa urahisi kwenye lami iliyolowa. Tujihadhari hasa na mvua za kwanza baada ya kiangazi. Vumbi, matone ya mafuta na chembe za mpira zilizokusanyika kwa miezi huchanganyika na maji na kuwa utelezi. Maji yakituama juu ya lami na gari likapita kwa kasi, tairi zinaweza kuelea juu ya maji bila kugusa lami. Tairi ikielea, ABS haina cha kushika. Tairi vipara huelea mapema zaidi, kwa kuwa hazina mifereji ya kutosha ya kupitisha maji.

*Changarawe iliyolegea.* Hapa mambo hugeuka. Gurudumu lililojifunga hujichimbia kwenye changarawe na kukusanya rundo mbele yake, kama lile tofali kwenye mchanga. Rundo hilo husaidia kulizuia gari. ABS, kwa kuwa inalazimisha gurudumu liendelee kuzunguka, hulizuia rundo lisijengeke, na gurudumu hupita juu kama lile kopo. Mwaka 1999 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwenye barabara za aina mbalimbali. Katika nyingi ya barabara hizo, magari yalisimama kwa umbali mfupi zaidi kwa kutumia ABS. Kwenye changarawe iliyolegea, umbali uliongezeka kwa wastani wa asilimia 27.2. Maana yake, pale ambapo gari lingesimama kwa mita 30 bila ABS, kwa ABS litahitaji karibu mita 38.

Je, basi ABS haifai kwenye changarawe? Hapana. Bila ABS gari linaweza kusimama mapema kidogo, lakini likiwa linaserereka bila kutii usukani, na huenda likaishia mtaroni au katikati ya watu waliokaa kando ya njia. Kwa ABS linatii usukani, ila linahitaji nafasi zaidi. Nafasi hiyo dereva anaitengeneza mapema, kwa kupunguza mwendo na kukaa mbali na gari la mbele.

*Mikunjo kama ya bati, na mashimo.* Barabara za changarawe zisizopitiwa na greda kwa muda mrefu huota mikunjo midogo midogo mfano wa bati. Gari likipita kwa kasi, gurudumu hurukaruka. Likiwa hewani huku breki imekanyagwa, hujifunga kwa urahisi, na ABS hulegeza breki yake. Likigusa chini tena, breki huwa bado haijakaza sawasawa. Dereva huhisi kama gari limekataa kusimama. Dawa yake ni kufunga breki kabla ya kuingia kwenye mikunjo au shimo, kisha kuiachia wakati wa kupita juu yake.

*Udongo uliolowa na matope.* Udongo mfinyanzi ukilowa juu huku chini ukiwa mgumu huwa kama sabuni. Aidha, hujaza mifereji ya tairi mpaka tairi mpya ikawa sawa na kipara. ABS itasaidia usukani uendelee kutii kiasi, lakini umbali wa kusimama utabaki mrefu. Hapa mwendo wa polepole ndiyo breki ya kwanza.

*Nusu lami, nusu ukingo.* Dereva anayepishana na lori kwenye barabara kuu mara nyingine hulazimika kuteremsha magurudumu ya kushoto kwenye ukingo wa changarawe. Akifunga breki ghafla hapo, magurudumu ya kulia hushika lami vizuri na ya kushoto huteleza. Gari lisilo na ABS linaweza kugeuka ghafla upande wa kulia, mbele ya magari yanayokuja. ABS hupunguza hatari hii kwa kulegeza breki kulingana na mshiko wa kila gurudumu, lakini umbali huongezeka. Ni vema kuachia mafuta, kushika usukani kwa mikono miwili, kupunguza mwendo taratibu, ndipo kurudi kwenye lami.

*Miteremko ya milimani.* Mteremko hula sehemu ya msuguano. Tuchukue mteremko ambao kila mita 10 za safari gari linashuka mita 1. Kwa kilomita 50 kwa saa kwenye udongo uliolowa, umbali baada ya breki kushika ni karibu mita 33 kwenye tambarare, lakini kwenye mteremko huo hufikia mita 49. Dereva wa Kinole au Mgeta aingize gia nzito kabla ya kuanza kushuka, ili injini isaidie kulizuia gari na breki zisipate moto. Afahamu pia kwamba kwenye baadhi ya magari ya magurudumu manne ABS hujizima gia za nguvu za chini zinapoingizwa. Asome kitabu cha gari lake.

Taa ya ABS haiwaki bure

Unapowasha gari, taa ya ABS kwenye dashibodi huwaka kwa sekunde chache kisha huzimika. Ikiendelea kuwaka, mfumo una hitilafu. Kwa kawaida breki za kawaida bado zipo, lakini magurudumu yanaweza kujifunga. Na kama taa hiyo haiwaki kabisa wakati wa kuwasha gari ambalo lina ABS, uliza kwa nini. Huenda imeungua, au kuna mtu aliiondoa ili mnunuzi asione ubovu. Kila anayenunua gari lililotumika, iwe kwa ajili ya familia au shirika, aanze na ukaguzi huu usio na gharama.

Barabara zetu huchosha mfumo huu. Mawe hukata nyaya zilizo karibu na gurudumu, na matope huganda kwenye vifaa vya kupima kasi. Tairi za ukubwa tofauti kwenye gari moja huwa na kasi tofauti za kuzunguka, jambo linaloweza kuichanganya kompyuta. Basi tuoshe magurudumu kwa ndani baada ya safari za matope, tutumie tairi za saizi moja, na tubadilishe mafuta ya breki kwa wakati.

Tunawasihi madereva wasichomoe fyuzi ya ABS kwa sababu wanaishi kwenye changarawe. Katika magari mengi, kuzima ABS huzima pia mfumo unaogawa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma. Matokeo yake magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza na gari likageuka. Tena, gari hilo hilo kesho litakuwa kwenye lami, na huenda mvua itanyesha.

Namna ya kufunga breki

*Kwa gari lenye ABS:* wakati wa hatari kanyaga breki kwa nguvu, shikilia bila kuachia, na elekeza usukani kwenye nafasi salama. Usipampu. Usishtuke pedeli ikitetemeka, kwa maana madereva wengi huachia mguu hapo hapo, wakati ambao wangepaswa kukaza.

*Kwa gari lisilo na ABS:* kanyaga kwa nguvu lakini taratibu. Ukihisi gurudumu limejifunga, legeza kidogo kisha kaza tena.

*Kwa bodaboda:* pikipiki nyingi zinazobeba abiria vijijini hazina ABS. Kwenye changarawe, gurudumu la mbele likijifunga pikipiki huanguka mara moja. Punguza mwendo ikiwa bado imesimama wima, tumia breki zote mbili kwa upole, na usifunge breki katikati ya kona.

Ni vizuri dereva ajaribu breki zake mahali pa wazi pasipo na watu, kwa mwendo mdogo wa kilomita 30 kwa saa, kwenye lami na kisha kwenye changarawe. Mguu uliowahi kuhisi mtetemo wa ABS hautashtuka siku ya hatari.

Chombo kizuri na tabia ya dereva

Katika miaka ya 1980 watafiti katika mji wa Munich, Ujerumani, walilinganisha teksi zenye ABS na zile zisizokuwa nayo. Walitegemea kuona ajali zikipungua. Idadi ya ajali haikutofautiana sana, kwa kuwa madereva wenye ABS waliendesha kwa kuthubutu zaidi. Waliitumia faida ya usalama kununulia mwendo.

Somo hilo linatuhusu sisi sote. Sheria ya Tanzania inaweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na magari ya mizigo yanayozidi tani 3.5. Huo ni ukomo, wala si lengo la kufikiwa. Kwenye udongo uliolowa hata 50 inaweza kuwa kubwa mno.

Abiria naye ana wajibu. Tunapomhimiza dereva akimbize gari ili tuwahi mkutano, tunamwomba azifute zile mita ambazo barabara inazidai. Wasimamizi wa magari wapange safari za masika kwa muda mrefu zaidi kuliko za kiangazi, ili dereva asilazimike kufidia muda kwa mwendo. Na mnapoona kokoto zimelegea kwenye kona, au ukingo wa lami umemomonyoka, toeni taarifa kupitia serikali ya kijiji. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS, na barabara za wilaya na vijiji zipo chini ya TARURA tangu mwaka 2017.

Maswali ya majadiliano

1. Taja sehemu tatu za njia unayoitumia mara kwa mara ambapo ardhi hubadilika ghafla. Madereva hupunguza mwendo kabla au baada ya kufika hapo?
2. Kwa nini ABS huongeza umbali wa kusimama kwenye changarawe iliyolegea? Eleza kwa kutumia jaribio la tofali na kopo.
3. Fundi anakushauri uchomoe fyuzi ya ABS. Utamjibu nini?
4. Pimeni kwa hatua mita 47 kutoka mlango wa shule au zahanati yenu. Dereva anayekuja kwa kilomita 50 kwa saa wakati wa mvua anaweza kumwona mtoto kutoka umbali huo? Kama hawezi, mfanye nini hapo?
5. Sisi abiria tunachangiaje mwendo kasi, na tunaweza kukubaliana jambo gani moja la kubadilisha kabla ya masika yajayo?

Yeyote atakayeongoza somo hili aanze na swali la 4. Kikundi kikishasimama mwishoni mwa mita zile na kutazama nyuma kuelekea mlango wa shule, maelezo mengine yote yatakuwa rahisi kueleweka.